Hatari Iliyotangazwa na Usalama Usiokwisha

Mwananchi wa India akiulizwa ni lini demokrasia ya nchi yake iliwekwa kando, atajibu bila ya kusita: usiku wa tarehe 25 Juni 1975, Rais Fakhruddin Ali Ahmed alipotia sahihi tangazo la hali ya hatari kwa ushauri wa Waziri Mkuu, Indira Gandhi. Akiulizwa ilirudi lini, atataja tarehe 21 Machi 1977, siku tangazo hilo lilipofutwa. Mkenya akiulizwa maswali hayo mawili kuhusu nchi yake atababaika. Atakumbuka mwaka 1982, Bunge lilipoandika katika katiba kwamba KANU ndicho chama pekee. Jibu hilo ni sahihi kisheria, lakini limechelewa kwa miaka 13.

Katika Kisumu na vijiji vya ufuo wa ziwa, wazee hawababaiki. Wao huanza kuhesabu Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 1969.

Siku hiyo Mzee Jomo Kenyatta alifika Kisumu kuifungua hospitali kuu mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti na ambayo wenyeji waliibandika jina la Russia. Msaada huo ulihusishwa na jina la Jaramogi Oginga Odinga, aliyejiuzulu umakamu wa Rais mwaka 1966 na kuwa kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU. Nyanza ilikuwa bado na kilio cha Tom Mboya, aliyeuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai. Wafuasi wa KPU wakamzomea Rais, naye akawajibu kwa Kiswahili kisichohitaji mfasiri: wanaomchezea watasagwa kama unga. Mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Familia za ufuoni hazijaikubali hesabu hiyo hata leo.

Siku mbili baadaye Odinga na viongozi wenzake wa KPU walikamatwa. Tarehe 30 Oktoba chama chenyewe kikapigwa marufuku. Mwezi Desemba wananchi wakaitwa kupiga kura, na wakapiga, ila kila aliyesimama alisimama kwa tiketi ya KANU. Wabunge wengi waliokuwamo waliangushwa, jambo ambalo wasifu wa utawala ule hulitaja kama ushahidi wa demokrasia. Ni kweli kwamba mpiga kura aliweza kumbadili mbunge. Kuibadili serikali hakuweza, wala hakuweza kumchagua Jaramogi, aliyekuwa kizuizini hadi Machi 1971 na ambaye hata alipotaka kugombea kupitia KANU mwaka 1974 alizuiwa.

Sasa tazama jambo linalonishughulisha katika makala haya. Katika siku zile zote tano, kuanzia risasi hadi marufuku, hakuna aliyetangaza hali ya hatari. Katiba haikuguswa. Ibara iliyoruhusu vyama vingi ilibaki mahali pake kutoka 1969 hadi 1982, huku chama cha pili hakipo. Nchi iliishi miaka 13 chini ya katiba ya vyama vingi na utawala wa chama kimoja, na wanasheria wakaendelea kufundishwa katiba hiyo.

Hilo liliwezekanaje? Sehemu ya jibu imo katika jina la sheria iliyotumika. Wakoloni walipotangaza hali ya hatari mwezi Oktoba 1952 walitumia neno lililosema wazi kuwa mambo si ya kawaida. Hali huja na kuondoka; tunasema hali ya hewa, hali ya mgonjwa. Kwa hiyo lilikuwapo swali la kuuliza kila siku: hali hii itakwisha lini? Iliondolewa mwezi Januari 1960. Lakini serikali ya kikoloni haikutaka kuondoka mikono mitupu, na mwaka huohuo ilitunga sheria ya kulinda usalama wa umma, ili uwezo wa kumzuia mtu bila ya kumshtaki ubaki hata baada ya hatari kwisha. Serikali huru iliirithi, na mwaka 1966 Bunge likailegezea masharti, Rais akaweza kuitumia hata wakati wa amani.

Hatari huombewa iondoke. Ni nani atakayesimama barazani aombe usalama uondolewe? Neno hilo halina mwisho ndani yake, na anayelipinga amekwisha kuonekana adui kabla hajamaliza sentensi yake.

Kiswahili kinatupa ushahidi mwingine. Tuna mfungwa, ambaye amehukumiwa kwa alilotenda. Tuna mahabusu, anayengoja kesi yake isikizwe. Halafu yupo huyu wa tatu, asiye na jina la kwake: tunamtaja kwa mahali alipo, kwamba yuko kizuizini. Mzizi wa neno hilo ni zuia, nasi humzuia mtu asitende jambo ambalo bado hajalitenda. Ndiyo maana hapakuhitajika kesi, kwa kuwa hapakuwa na tendo la kuthibitisha. Jaramogi aliyajua haya kuliko wengi. Mwaka 1958 ni yeye aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa watu, maneno yaliyomletea lawama hata kutoka kwa Waafrika wenzake barazani.

Msomaji asidhani kwamba naisifu India. Tangazo la 1975 lilikuja siku 13 baada ya Mahakama Kuu ya Allahabad kubatilisha uchaguzi wa Bi Gandhi, na nani asiyeona uhusiano? Zaidi ya watu 100,000 walitiwa kizuizini. Magazeti yalikaguliwa kabla ya kuchapishwa, hata Indian Express likaacha wazi nafasi ya tahariri yake. Mwezi Aprili 1976 Mahakama ya Juu iliamua, majaji wanne kwa mmoja, kwamba wakati wa hali ya hatari aliyezuiwa hana mlango wa mahakama wa kubisha. Jaji H. R. Khanna peke yake alikataa, na baadaye akarukwa katika uteuzi wa Jaji Mkuu.

Wala kutangaza pekee si dawa. Sisi wenyewe tulitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki mwishoni mwa Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, na sheria zake hazikuondolewa hadi 1991. Tarehe ya kuanza ilijulikana na haikumfaa mtu wa Garissa wala wa Wajir, kwa sababu hapakuwa na yeyote aliyelazimika kuitetea upya.

Tofauti ninayoiona ni hii. Kwa kuwa kosa la India lilikuwa na jina na tarehe, liliweza kupelekwa mbele ya wapiga kura. Bi Gandhi aliitisha uchaguzi mwezi Machi 1977, chama chake kikashindwa, naye mwenyewe akapoteza kiti cha Rae Bareli. Mwaka uliofuata bunge jipya lilirudi kwenye maandishi ya katiba. Pale palipoandikwa kwamba hali ya hatari yaweza kutangazwa kwa sababu ya machafuko ya ndani, likafuta na kuandika uasi wa silaha. Mwanaisimu hufurahi kuona taifa likigombana na fungu moja la maneno na kulishinda. Machafuko ya ndani yaweza kuwa mgomo, mkutano, au watu wanaomzomea mkubwa aliyekuja kufungua hospitali.

Sisi tulichukua njia ndefu. Kifungu cha chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Uwezo wa kumzuia mtu bila ya kesi uliondolewa katika sheria ya usalama mwaka 1997. Hospitali ile sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Katiba ya 2010, katika ibara ya 58, imeizungushia hali ya hatari ua wa kutosha: tangazo hudumu siku 14 na si zaidi, kuliongeza mara ya kwanza kwahitaji thuluthi mbili za wabunge wote, na mara zinazofuata robo tatu. Mahakama ya Juu yaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali.

Ua huo ni imara, lakini unamzuia tu anayepita langoni. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi alitoa notisi katika gazeti rasmi la serikali kuwaita wanajeshi wawasaidie polisi. Hakutaja ibara ya 58. Aliegemea ibara ya 241, inayohusu majeshi, na sababu aliyoitoa ni dharura ya kiusalama. Kwa jina hilo hesabu ya siku 14 haikuanza, na thuluthi mbili haikuhitajika. Wabunge waliidhinisha kesho yake. Mahakama Kuu, ilipoombwa kuwarudisha wanajeshi kambini, ilikubali wabaki, ila ikaitaka serikali ichapishe katika muda wa siku mbili ni wapi watatumwa, watafanya nini, na wataondoka lini.