Mechi ya Kwanza ya Msimu, Grace Road

Ijumaa moja ya Aprili, wanachama sita wa chama chetu tulipanda treni ya asubuhi kutoka London St Pancras kwenda Leicester, tukiwa na chapati, chupa mbili za chai ya maziwa na blanketi moja la kugombania. Tulikuwa wageni wa mzee mmoja, mzaliwa wa Kisumu, ambaye mwaka jana alikuja chuoni kutuzungumzia habari za Waasia wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza. Alipokuwa akiondoka alituambia: "Mkitaka kunijua vizuri, njooni mechi ya kwanza ya msimu. Lakini vaeni sweta."

Wengi wetu tuliijua kriketi kwa jina tu. Ligi ya kaunti ina timu 18, kumi daraja la kwanza na nane daraja la pili, na mechi moja huchezwa siku nne, pamoja na mapumziko ya chakula na ya chai. Leicestershire, ambao alama yao ni mbweha, walikuwa mabingwa mwaka 1975, 1996 na 1998. Baada ya msimu wa 2003 walishuka daraja, wakakaa huko chini zaidi ya miaka 20, hadi waliposhinda daraja la pili mwaka 2025. Kwa hiyo msimu huu si msimu wa kawaida kwa watu wa Grace Road.

Tulimkuta mzee ameketi mahali pake pa siku zote. Kiti cha kushoto kwake kilikuwa na mfuko wa karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Kumbe mmekuja kweli. Ketini, ketini. Hicho wacheni, ni cha rafiki yangu."

Tukadhani rafiki yuko njiani.

Kabla mpira wa kwanza haujarushwa, tuligundua kwamba siku ya kwanza ya msimu ni siku ya kuhesabiana. Wazee walipita mmoja mmoja wakipeana mikono na kuulizana: goti la fulani limepona? Fulani bado yupo? Mmoja alitazama zile karanga, akauliza. Mzee wetu akatikisa kichwa, akasema, "Januari." Yule akavua kofia, akasimama kidogo, akaenda zake.

Ndipo mzee akatusimulia. Rafiki yake alitoka Jinja mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mwaka huohuo baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasije mjini humo. Yeye akaja. Walikutana kazini. Nyumbani mmoja alisema Kigujarati, mwingine Kipunjabi. Kiswahili ndicho kilichokuwa chao wawili. Mwaka 1975 walikwenda pamoja Edgbaston, Birmingham, kuitazama timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza. Katika timu ile alikuwemo John Nagenda, mwandishi wa Uganda. Mbele ya Uingereza, Afrika Mashariki walipata mikimbio 94 tu, wakashindwa kwa 196. "Tulipiga kelele mpaka mwisho," alisema, "kama tunaoongoza."

Grace Road walitumia Kiswahili kwa kazi moja kubwa: kumsema mwamuzi bila majirani kuelewa. Mpigaji mzito aliitwa kobe. Aliyetoka bila mkimbio hata mmoja alikuwa amepata yai, kama mwanafunzi aliyefeli. Na mchezaji akiudondosha mpira uliomfikia mkononi, walisema huyo amekula mandazi hakunawa.

"Tangu Januari sijamsema mtu kwa Kiswahili," alisema. "Nyumbani wajukuu hawakijui. Nimekaa hapa asubuhi nikajiambia, leo nitatazama kimya."

Mchana upepo ulizidi, blanketi likawa na wenyewe. Baada ya chai mpira ulipaa juu kabisa, mchezaji wa wageni akaukimbilia, ukamgusa viganja vyote viwili, ukaanguka majanini. Mwenzetu wa Tanga akasimama:

"Amekula mandazi hakunawa!"

Mzee hakusema kitu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Kutoka hapo hakunyamaza tena. Mwamuzi alipata sehemu yake, kobe walikuwa wawili, na sisi tukaandika maneno yote kwenye daftari la chama.

Mvua ilipoanza, wachezaji wakatoka na wafanyakazi wakakokota maturubai kufunika uwanja. Mzee alitugawia karanga zote. Kile kiti kilibaki kitupu mpaka jioni, wala hatukukiomba.

Tulipoagana aliuliza kitu kimoja tu: "Mei mnakuja?"

Tumemjibu ndiyo. Anayetaka kwenda aandikishe jina kwa katibu, na aje na blanketi lake.