TOT, TANTUS, TAM: Namna Kilatini Kinavyohesabu na Kupima

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni 249, inaagiza kwamba wale wanaojitayarisha kuwa mapadri wajue Kilatini vizuri. Leo tutazame maneno madogo yanayosema hesabu, ukubwa na kadiri. Mutu anaweza kudhani ni kazi ya watoto wa mwaka wa kwanza. Sivyo. Moja la maneno haya liko katika konsekrasio ya kikombe, na kulielewa vibaya ni kufundisha vibaya juu ya kifo cha Bwana wetu. Tutafika pale mwishoni. Lakini tuanze na mambo ya soko.

1. Maulizo matatu

Hapa Lubumbashi neno «mingi» linatumika pahali pote: watu mingi, maji mingi, ananipenda mingi. Kila mutu anaelewa. Lakini Kilatini kinatudai tuchague, kwa maana kinatenga maulizo matatu.

Mama anakwenda kwenye soko la Kenya kununua unga wa bukari. Anaweza kuuliza hivi: meka ngapi? Kilatini kinasema: quot mensurae? Ao: unga kiasi gani? Kilatini: quantum farinae? Ao tena: huu unga ni muzuri kadiri gani? Kilatini: quam bona est farina? Ulizo la kwanza ni la hesabu, la pili ni la kipimo, la tatu ni la kadiri.

Kila ulizo lina jibu lake. Quot inajibiwa na tot, quantus inajibiwa na tantus, quam inajibiwa na tam. Quot na tot ni za vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, nazo hazigeuki hata kidogo. Quantus na tantus zinafwata jina lao kama kila neno la sifa: tantus labor, tanta domus, tantum opus. Quam na tam hazigeuki. Zinatangulia neno la sifa: tam bonus, muzuri namna hii.

Kosa la kila mwaka ni hili: mwanafunzi anataka kusema «watu wengi hivi», anakumbuka Kifransa «tant d'hommes», anaandika tanti homines. Lakini katika Kilatini safi tanti homines ni «watu wakubwa hivi». Watu wengi hivi ni tot homines. Kifransa kimemudanganya, kwa sababu neno lake moja linafanya kazi mbili.

2. Kidogo, haitoshi, kupita kipimo

Kiswahili kinasema «maji mengi», na neno la sifa linafwata jina lake. Kilatini kinaweza kusema aqua multa, lakini mara nyingi kinaweka kipimo kwanza, halafu kitu katika jenitivo: multum aquae, plus laboris, satis temporis. Ni kama kusema «wingi wa maji», «zaidi ya kazi», «wakati wa kutosha».

Mujihazari na maneno mawili: paulum na parum. Kwa Kiswahili yote mawili yanaweza kuwa «kidogo». Walakini paulum aquae habeo maana yake: nina maji kidogo, si kwamba sina. Parum aquae habeo maana yake: maji niliyo nayo hayatoshi. Wa kwanza anaweza kumugawia jirani. Wa pili anatafuta musaada.

Vilevile nimis. Katika sarufi tunajifunza kwamba ni «kupita kipimo», jambo lenye lawama. Lakini katika Zaburi za Vulgata, kwa mufano Zaburi 47 (katika hesabu ya Kiebrania ni 48), tunakuta kwamba Bwana ni laudabilis nimis. Je, Mungu anaweza kusifiwa kupita kipimo? Hapana. Pale nimis inashika pahali pa neno la Kiebrania lenye maana ya «sana» tu. Basi, Kilatini cha Kanisa kina Kiebrania na Kigiriki nyuma yake, na mara kwa mara ni lazima tugeuke tutazame kule.

3. Kupita wengine

Kwa kulinganisha, Kiswahili kinatumia «kupita» ao «kuliko»: Petro ni mukubwa kupita Yoane. Kilatini kinageuza neno lenyewe: maior. Halafu kinasema maior quam Ioannes, ao kinaweka jina katika ablativo: maior Ioanne. Kama tunataka kusema amemupita kwa kiasi gani, kiasi hicho pia kinawekwa katika ablativo: multo maior, mukubwa zaidi sana, paulo maior, mukubwa zaidi kidogo tu.

Ngazi ya juu, maximus, ina maana mbili. Inaweza kuwa «mukubwa kuliko wote», ao «mukubwa sana» bila kulinganisha na mutu yeyote. Katika sala ya Confiteor tunakiri maxima culpa. Pale hatusemi kwamba dhambi yetu inapita dhambi za watu wote walio kanisani. Tunasema kosa ni kubwa sana. Anayetafsiri «kuliko wote» anaingiza ulinganifu usiokuwamo.

4. Neno «multi»

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Katika konsekrasio ya kikombe, Kilatini kinasema damu ya Kristu inamwagika pro multis. Kwa Kiswahili, neno kwa neno, ni «kwa ajili ya wengi». Misa ya Kifransa inasema «la multitude». Waitaliani wanasema «per tutti», kwa wote. Misa ya Kiingereza nayo ilisema «kwa wote» mpaka mwaka 2011, halafu ikarudi kwenye «wengi». Mukristu wa Lubumbashi, anayesikia Kiswahili asubuhi na Kifransa saa inayofwata, ana haki ya kumuuliza katekista wake: je, Yezu alikufa kwa wote ao kwa wengine tu?

Fundisho la Kanisa ni wazi. Mutume Paulo anasema Kristu alijitoa kwa ajili ya wote (1 Timoteo 2, 6, tena 2 Wakorinto 5, 15). Na mwaka 1653 Papa Inosenti X alihukumu wazo la kwamba alikufa kwa ajili ya wateule peke yao.

Basi, kwa nini multis? Tuulize kwanza neno linajibu ulizo gani. Multi inajibu ulizo la hesabu: ni wengi, si mumoja wala wachache. Haijibu ulizo jingine: je, kuna waliobaki inje? Juu ya hilo inanyamaza. Kama Kilatini kilitaka kusema «sehemu kubwa, si wote», kina neno plerique. Kama kilitaka kusema «wamoja wamoja», kina nonnulli.

Ushuhuda uko katika Barua kwa Waroma, sura 5. Katika mustari wa 18 Paulo anasema omnes, wote. Katika mustari wa 19, akisema juu ya watu walewale, anasema multi. Kwake, wengi hawapingani na wote. Wanapingana na mumoja: Adamu mumoja, Kristu mumoja, na mbele yake kundi kubwa la watu. Ndivyo alivyosema nabii Isaya katika sura 53 juu ya Mutumishi anayebeba dhambi za wengi, na maneno ya karamu ya mwisho yanakumbusha sura hiyo.

Katekismu ya Roma ya mwaka 1566 inaongeza jambo moja: nguvu ya mateso ya Kristu ni kwa wote, lakini matunda yake hayawafikii wote, kwa sababu mutu anaweza kuyakataa.

Tarehe 17 Oktoba 2006, Kardinali Francis Arinze aliwaandikia wakubwa wa mabaraza ya maaskofu kwamba tafsiri zifwate neno «wengi». Papa Benedikto XVI akawaandikia maaskofu wa Ujeremani tarehe 14 Aprili 2012 jambo lilelile, akiomba waamini wafundishwe kwanza, kusudi wasifikiri Kanisa limebadilisha imani.

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kifransa kinapaswa kuchagua kila mara: «la» ao «une», «les» ao «des». Kilatini hakina neno dogo la namna hiyo mbele ya jina, na Kiswahili vilevile hakina. «Wengi» inanyamaza pale multi inaponyamaza. Hatuhitaji kuliongezea neno, tunahitaji kulieleza.

Kwa hiyo, mukikuta neno la kipimo katika Kilatini, mujiulize: linahesabu, linapima ukubwa, ao linasema kadiri? Halafu: ni jambo gani ambalo halisemi? Na katekista akiulizwa juu ya «wengi», ajibu hivi: Bwana mumoja alikufa, na waliokufiwa ni wengi, ni watu wote, wewe pia umo, na ni juu yako kupokea ao kukataa.