Datsun 240Z: kabla ya kutoa pesa, inama utazame chini ya gari

Gari hii ya michezo ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, kisha tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Datsun 240Z ilianza kutoka Japani mwaka 1969, na nyingi ziliuzwa Marekani. Anayeitafuta leo ana swali moja: achukue ya bei ndogo aitengeneze, ama alipe zaidi apate iliyo nzima?

Mafundi wanaoijua hawaanzii kwenye injini. Ile ya silinda 6, lita 2,4, ni imara na hutengenezeka. Shida ni bati. Kutu hula sakafu, chini ya milango na pale betri inapokaa. Gari haina chasi ya pekee: bodi yenyewe ndiyo inabeba uzito. Ikioza, rangi mpya inaficha tu, na kazi ya kuchomelea inaweza kumaliza pesa kuliko bei ya gari.

Ndiyo maana mnunuzi mwerevu huenda na fundi wake na sumaku ndogo. Sumaku ikikataa kushika, chini ya rangi kuna mastiki, si chuma.

Kisha namba ya chasi ilinganishwe na karatasi. HLS30 ni usukani wa kushoto, unaofaa barabara za Kongo. HS30 ni wa kulia.

Namba zikipishana, bei nzuri isimdanganye mtu: arudi nyumbani na pesa yake.