Kumwandaa mtoto kabla dawa za kulevya hazijamfikia

Kwa miaka mingi shule nyingi duniani zimefuata njia moja zinapotaka kuwakinga watoto na dawa za kulevya. Hualikwa askari polisi, au mtu aliyewahi kutumia unga akaacha. Wanafunzi hukusanywa ukumbini, huonyeshwa picha za kutisha, kisha huahidi kwa sauti moja kwamba hawatagusa. Wageni huondoka, kengele hulia, na masomo huendelea kama kawaida.

Tafiti zilizofanywa kwa zaidi ya miaka 30 zimeonyesha kuwa njia hiyo haizai matunda. Kinachosaidia, japo kwa kiasi, ni kumfundisha mtoto mapema, kabla hajabalehe, namna ya kukabiliana na maisha yenyewe: kuitambua hasira yake, kustahimili fedheha, kukataa bila kupoteza marafiki, na kuomba msaada anapoelemewa. Wataalamu huziita stadi hizo kwa jumla stadi za ustahimilivu.

Umri wa hatari

Suala la umri si dogo. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliofanywa na mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ulibaini kuwa umri mdogo kabisa wa kuanza kutumia tumbaku ulikuwa miaka 6, pombe miaka 7, na bangi miaka 8. Hao ni wachache, wala si wastani. Hata hivyo takwimu hizo zinatosha kuonyesha kuwa anayesubiri mtoto afike sekondari ndipo azungumze naye huenda akawa amechelewa.

Mtoto haanzi na heroini. Huanza na kile kilicho karibu: sigara iliyosazwa na mjomba, kuberi inayouzwa dukani kwa bei ya peremende, gundi ya fundi viatu, au pombe iliyobaki baada ya sherehe. Unga, pale unapofika, hufika baadaye, na mara nyingi humkuta kijana ambaye tayari amezoea kutuliza uchungu wake kwa kitu cha kuvuta au kunywa.

Ubongo nao una sehemu yake katika jambo hili. Wakati wa kubalehe, sehemu za ubongo zinazotafuta raha na sifa za wenzao huamka mapema, ilhali ile ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia umri wa miaka ya 20 na kitu. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 anaweza kuijua hatari barabara na bado akaikimbilia, hasa marafiki wakiwa wanamtazama. Kati ya miaka 9 na 12 mtoto bado humsikiliza mzazi na mwalimu kuliko rika lake. Dirisha hilo halidumu.

Funzo la Los Angeles

Mpango uliovuma kuliko yote ni ule wa DARE, ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1983 na mkuu wa polisi wa mji huo, Daryl Gates, kwa ushirikiano na mamlaka ya shule. Askari mwenye sare aliingia darasani mara 17 kuwafundisha watoto wa miaka 10 hadi 12. Ulikuwa wakati wa kampeni ya Nancy Reagan, mke wa rais wa Marekani, iliyowataka watoto waseme hapana, basi. Mpango ukaenea Marekani nzima, ukavuka mipaka. Wazazi waliupenda, polisi waliupenda, wanasiasa waliupenda.

Ila haukufanya kazi. Mwaka 1994 uchambuzi wa tafiti kadhaa uligundua kuwa athari yake katika matumizi ya dawa ilikuwa ndogo mno. Mwaka 1999 watafiti wa Kentucky waliwafuatilia vijana miaka 10 baada ya kupitia mafunzo hayo, wakakuta hawana tofauti na wenzao. Serikali ya Marekani nayo ilitumia karibu dola bilioni 1 kati ya mwaka 1998 na 2004 kwa matangazo ya kuwaonya vijana. Tathmini iliyofuata haikuona kuwa matangazo hayo yalipunguza matumizi ya bangi.

Sababu ni nyingi, lakini moja inastahili kutazamwa. Mtoto anaporudiwa mara kwa mara na maneno kwamba vijana wanaangamia kwa dawa za kulevya, anachokisikia ni kwamba vijana wote wanatumia. Uchunguzi baada ya uchunguzi umeonyesha kuwa watoto hukadiria idadi ya wenzao wanaovuta au kunywa kuwa kubwa kuliko ilivyo kweli. Aliyeaminishwa kuwa kila mtu anafanya hujiona yeye ndiye kituko. Somo lililokusudiwa kumtisha humtia hamu.

Darasa lenye mazoezi

Wakati DARE ikipigiwa makofi, mwanasaikolojia Gilbert Botvin wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, alikuwa akijaribu njia nyingine. Mafunzo yake yaligawanyika mara tatu: kujitawala, yaani kutuliza wasiwasi na kupima uamuzi, kuishi na watu, yaani kuzungumza na kusikiliza, na hatimaye ukweli kuhusu dawa zenyewe pamoja na namna ya kuzikataa. Sehemu kubwa ya masomo hayo 15 haikugusia dawa za kulevya hata kidogo. Mwaka uliofuata wanafunzi walirudiwa kwa vipindi 10, na mwaka wa tatu vipindi 5.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalihusu wanafunzi karibu 3,600 kutoka shule 56 za jimbo la New York, waliofuatiliwa hadi mwisho wa sekondari. Katika baadhi ya vipimo watumiaji walikuwa wamepungua kwa hadi asilimia 44 wakilinganishwa na wasiofundishwa, hasa pale walimu walipofundisha mpango mzima bila kuruka vipindi.

Tofauti kubwa ipo katika namna ya kufundisha. Stadi haikaririwi, hufanyiwa mazoezi, kama kuogelea. Mwalimu huwapanga watoto wawili wawili: mmoja anashawishi, mwingine anakataa, kisha wanabadilishana. Darasa linajadili kilichofaa. Mtoto huambiwa avute pumzi polepole, ahesabu, ajiulize mambo matatu kabla ya kujibu: nini kinatakiwa kwangu, kitatokea nini nikikubali, na nani mwingine ninaweza kumwendea.

Mjini Baltimore, katikati ya miaka ya 1980, jaribio lilianza mapema zaidi, kwa watoto wa darasa la kwanza. Darasa liligawanywa katika timu. Mwalimu akahesabu mara ambazo timu imevunja kanuni, na timu zilizojidhibiti zikapata zawadi ndogo. Mwanzoni mchezo wenyewe ulichukua dakika chache tu kila ulipochezwa. Watoto hao walipofikisha miaka 19 hadi 21, wavulana waliokuwa wakorofi tangu mwanzo walikuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wakorofi wenzao ambao hawakuucheza. Hakuna aliyewahi kuwatajia heroini katika mchezo ule.

Mtu mzima mmoja

Pamoja na hayo, ustahimilivu si dawa anayochanjwa mtoto akiwa peke yake. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini, ugomvi wa wazazi, au ulevi nyumbani, takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye kujiweza na kujali wengine. Jambo lililojitokeza sana katika maisha yao ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa: bibi, shangazi, mwalimu, jirani.

Iceland ilikwenda mbali zaidi ya darasa. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema wamelewa katika mwezi uliopita. Kufikia mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Sheria za pombe na tumbaku zilikazwa, michezo na muziki vikagharimiwa na serikali za miji, na wazazi wakakubaliana watoto wasizurure usiku. Ni nchi tajiri yenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za Afrika Mashariki, na si haki kuitumia kama kiboko cha kuwachapia wengine. Hata hivyo inaonyesha kuwa mtoto hawezi kuachiwa mzigo wote wa kukataa.

Brazil nayo ilitoa onyo. Mpango uliokuwa umefaulu Ulaya ulichukuliwa, ukafanyiwa marekebisho na kujaribiwa katika shule 72 za miji 6. Tathmini ikakuta kuwa wanafunzi waliofundishwa walianza pombe kwa wingi zaidi kuliko wasiofundishwa. Kitabu kilichotafsiriwa tu hakitoshi.

Kukataa kwa adabu

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kwa Waswahili. Mtoto wa Kimarekani hufundishwa amtazame mwenzake machoni, aseme hapana kwa sauti thabiti. Mtoto wa Tanga au Kisumu amelelewa ainamishe macho mbele ya mkubwa, aamkie, atumwe aende. Naye anayemtuma sigara, au kumpa glasi aonje, mara nyingi si rafiki wa rika lake bali kaka, binamu au mjomba.

Watafiti waliofanya kazi na watoto wenye asili ya Mexico huko Phoenix, Arizona, walilitambua tatizo la namna hiyo. Waliwauliza watoto wenyewe hukataa vipi, wakapata njia nne: kukataa waziwazi, kueleza sababu, kukwepa, na kuondoka. DARE yenyewe iliuchukua mpango huo mwaka 2009. Katika mazingira ya Kiswahili, kukwepa kuna heshima yake. "Samahani mjomba, mama ananiita" ni sentensi inayoweza kufanyiwa mazoezi darasani bila kumfundisha mtoto utovu wa adabu.

Kikwazo kingine ni kiboko. Mtoto anayekiri kuwa ameonja bangi akachapwa mbele ya wenzake hujifunza somo moja tu: kuficha. Na katika darasa la wanafunzi 80, ambapo stadi za maisha huishia kuwa maelezo ya kunakili ubaoni, mazoezi ya wawili wawili yanahitaji mwalimu aliyeandaliwa na muda ambao ratiba ya mitihani haiutoi kwa urahisi.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kinga, iliyotolewa mwaka 2013 na kurekebishwa 2018, inapendekeza vipindi 10 hadi 15, mara moja kwa wiki, vyenye marudio miaka inayofuata. Inatahadharisha pia kuhusu mihadhara ya askari na ushuhuda wa waliowahi kutumia, yaani yale yale yanayopendwa sana katika shule za Afrika Mashariki. Hilo haliwavunjii hadhi waliopona. Zanzibar, ambako nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba, zilianza mwaka 2009, wao ndio wamewasaidia wenzao wengi kujinasua. Kazi yao ipo kwa aliyekwisha kunaswa, si kwa mtoto wa miaka 10.

Walio ughaibuni

Kwa familia zilizohamia Marekani au Ulaya, mtihani una sura yake. Tafiti za Marekani zimeonyesha mara nyingi kuwa wahamiaji wenyewe hutumia dawa za kulevya kwa uchache kuliko watoto wao waliozaliwa huko. Mzazi anafanya kazi zamu mbili. Mtoto ndiye anayemtafsiria barua za hospitali na za shule, hata ile inayomlalamikia yeye mwenyewe. Mamlaka ya mzazi hupungua kimyakimya, na yule bibi au shangazi wa kukimbiliwa yuko maili elfu kadhaa.

Nchini Uingereza, tangu Septemba 2020, elimu ya afya ikiwemo ya dawa za kulevya, pombe na tumbaku ni ya lazima katika shule za serikali za England, za msingi na za sekondari. Mzazi anaweza kuiuliza shule inafundisha nini, kwa njia gani, na mara ngapi. Jibu likiwa ni mgeni mmoja kwa mwaka mwenye picha za kutisha, ana sababu ya kuuliza tena.