KIOO CHA DIRISHA HAKIZUII JUA LOTE

Mkeka uliotandikwa miaka mingi karibu na dirisha hupauka upande wa jua, hata kama kioo hakifunguliwi. Kumbe kuna kinachopita. Tukieleze, kwani kinawahusu hasa wenzetu wenye ualbino.

Jua hutoa mwanga tunaouona na mionzi ya urujuanimno tusiyoiona. Hapa Rwamishenye tuko karibu na Ikweta, hivyo mionzi hiyo ni mikali. Inayotufikia ni ya aina mbili: UVB, inayounguza ngozi haraka, na UVA, inayopenya ndani zaidi na kuidhuru polepole.

Kioo hutokana na mchanga, yaani silika. Ndani yake chembe za silikoni na oksijeni zimeshikana kama wavu. Silika tupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,700 hivi, na kioo chake hupitisha urujuanimno kwa wingi; ndiyo maana hutumika kwenye taa za kuulia vijidudu. Ili kupunguza joto la kuyeyusha, viwanda huongeza magadi, kama yale ya Ziwa Magadi, Kenya. Magadi hukata baadhi ya mafundo ya wavu ule. Lakini kioo cha mchanga na magadi pekee huyeyuka majini, hivyo huongezwa chokaa ili kiwe imara.

Mabadiliko hayo, pamoja na chuma kidogo kilichomo mchangani, huzuia sehemu kubwa ya UVB. Tazameni kioo cha dirisha ubavuni: ule ukijani ni wa chuma. Chupa za dawa hufanywa za kahawia makusudi, ili mwanga usiharibu dawa.

Tatizo ni UVA. Kioo cha kawaida huiachia sehemu kubwa ipite. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye ualbino akikaa juani nyuma ya kioo, asidhani amesalimika. Na kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu, tusimpeleke nyuma kabisa: tumpe nafasi ya mbele, karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua. Wazazi nao wamvishe mikono mirefu na kofia pana, na wampake mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun yaliyoanza kutengenezwa KCMC, Moshi. Kumpisha mwenzako kivulini ni jambo dogo, lakini kwake ni kinga ya saratani ya ngozi.