Uzuiaji wa Seva za Barua Pepe za Nyumbani: Sababu, Mfano wa Brazili na Athari kwa Mtumiaji

Makala haya yanafafanua kwa nini watoa huduma za intaneti huwazuia wateja wa majumbani kuendesha seva za barua pepe, na yanajadili athari za uzuiaji huo. Itifaki ya SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982, haikubagua mashine: kompyuta yoyote iliyounganishwa iliweza kuipelekea nyingine barua moja kwa moja kupitia poti 25, bila kuthibitisha utambulisho wake.

Uwazi huo ndio uliozaa tatizo. Kompyuta za majumbani zilizoambukizwa virusi ziligeuzwa vyombo vya kusambaza barua taka pasipo wenyewe kujua. Kwa kuwa virusi hivyo vilitumia poti 25, kuifunga kuelekea nje lilikuwa suluhisho rahisi. Wateja wengi hawakuathirika, kwani tangu mwaka 1998 poti 587 ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mtumiaji kukabidhi barua zake kwa seva ya mtoa huduma.

Brazili ni mfano bayana. Mwaka 2009 Kamati ya Uongozi ya Intaneti ya nchi hiyo, CGI.br, ilipendekeza poti 25 ifungwe katika miunganisho ya majumbani. Baada ya watoa huduma kutekeleza pendekezo hilo, Brazili, iliyokuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya barua taka duniani, ilishuka sana katika orodha hiyo.

Hata hivyo, mafanikio hayo yana gharama. Kizuizi hupima aina ya muunganisho, si mwenendo wa mtumaji. Hivyo msimamizi mwangalifu huhukumiwa sawa na mwenye kompyuta iliyotekwa. Aidha, hata poti inapofunguliwa, seva nyingi hukataa barua kutoka katika anwani za majumbani zilizoorodheshwa na taasisi kama Spamhaus. Msimamizi hulazimika kupitisha barua kwa mtu wa kati, naye hupata uwezo wa kuzizuia na, zisiposimbwa, kuzisoma.

Kwa hiyo, makala haya yanahitimisha kwamba kufunga poti 25 kunakubalika kama ulinzi wa awali, si kama marufuku ya kudumu. Mteja anayeomba ifunguliwe, akapewa anwani isiyobadilika na kuwajibika kwa matumizi yake, hapaswi kunyimwa nafasi ambayo itifaki yenyewe ilimpa.