Kupewa au Kukopeshwa

Mwezi Julai 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipanda ikapita shilingi 200, na katika kibanda ninachonywea chai kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, hakuna aliyekunywa kimya. Aliyezoea kuagiza chapati mbili aliagiza moja, na hiyo moja akaila akihutubia. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 9 Agosti.

Wanaotutazama kwa mbali husema Mkenya hupiga kura kwa kabila, basi. Kabila lilikuwapo, sikatai; lilikaa pale mezani limefunikwa kwa gazeti. Lakini kilichobishaniwa kwa sauti, tangu alfajiri hadi abiria walipoanza kuwaita watu wa bodaboda, kilikuwa kingine: maskini apewe pesa au akopeshwe?

Raila Odinga wa Azimio la Umoja alisema apewe. Kila mwezi shilingi 6,000, kwa familia milioni mbili zilizo hoi zaidi. William Ruto wa Kenya Kwanza, aliyekuwa naibu wa rais, alisema akopeshwe: bilioni 50 kila mwaka za mikopo nafuu kwa mama mboga, mwendesha bodaboda na fundi wa jua kali, watu aliowaita mahasla. Uchumi, alisema, ujengwe kuanzia chini kwenda juu. Chama chake cha UDA kilibeba alama ya wilbaro na wito wa "Kazi ni Kazi". Katika uchaguzi ule sikuona karata iliyochezwa vizuri kuliko ile wilbaro. Nani kati yetu hajawahi kuisukuma, au kumwona baba yake akiisukuma?

Fundi viatu wa pale kibandani alikuwa mtu wa elfu sita. Hoja yake ilikuwa mama yake kijijini. Mwanamke aliyepita miaka sabini, mgongo umepinda, akopeshwe afanye biashara gani? Mkabala naye alikaa kijana wa bodaboda, mtu wa wilbaro, na jibu lake halikutoka kwenye manifesto yoyote.

"Mzee wangu, ile elfu mbili ya Inua Jamii, mama huipata lini?"

Fundi alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Inua Jamii ni mpango wa serikali unaowalipa wazee waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila mwenye mzazi kwenye orodha ile anajua kwamba mwezi wa serikali si mwezi wa kalenda. Pesa hukawia, miezi ikarundikana, kisha zikaja kwa mkupuo. Kijana hakuwa na haja ya kuongeza neno. Kama elfu mbili inachelewa, elfu sita itapanda gari gani?

Mwanafunzi mmoja wa chuo alitoa simu akapiga hesabu. Elfu sita mara milioni mbili ni bilioni 12 kwa mwezi, bilioni 144 kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Juni 2022, Mamlaka ya Ushuru ilikuwa imekusanya trilioni mbili na kidogo. Ina maana katika kila shilingi mia za ushuru, saba ziende huko. Wengine walisema ni nyingi mno. Wengine wakauliza zile tisini na tatu zinazobaki huwa zinakwenda wapi. Hakuna mheshimiwa aliyekuwapo ajibu.

Kisha fundi akapata mwanya wake. "Kijana, wewe umekopeshwa mara ngapi? Na mara ngapi jina lako limepelekwa CRB?" Kibanda kilicheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, kwa sababu wengi pale walikuwa na deni la mkopo wa Fuliza likiwasubiri ndani ya simu. Tangu mikopo ya simu ienee nchini, mamilioni ya watu wamejikuta wameorodheshwa huko CRB kuwa wadeni wabaya, na Ruto aliijua hasira hiyo; aliahidi kuwatoa huko. Fundi hakushawishika. Kwake, aliyezama katika mikopo hatibiwi kwa mkopo mwingine, hata uwe mtamu namna gani.

Nilitazama wakati huo mikono ya mama mwenye kibanda. Alikuwa akiandika katika daftari la madeni, lile la kurasa za mistari lililolowa mafuta pembeni. Fundi yumo, kijana wa bodaboda yumo, na nakiri mwandishi wa makala haya naye yumo. Ukisema "Mama, niandikie", anaandika. Hatozi riba wala haulizi kitambulisho, na asiyelipa haripotiwi popote; adhabu yake ni kupita njia nyingine kwenda kazini. Mabilioni ya kambi zote mbili yalitajwa mbele yake asubuhi nzima, na hakuna aliyeuliza yeye anakopa wapi ili aweze kutukopesha sisi.

Kilichouchanganya ubishi zaidi ni kwamba pande zilikuwa zimebadilishana viti. Rais Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Raila, mpinzani wake wa miaka mingi, dhidi ya naibu wake mwenyewe. Basi watu waliozoea kuilaani serikali wakajikuta wanaitetea, na mtu aliyekuwa ndani ya serikali kwa miaka tisa akawa ndiye anayeilaumu. Tarehe 20 Julai ikatangazwa ruzuku: unga ushuke hadi shilingi 100 kwa wiki nne. Hesabu wiki nne kutoka tarehe hiyo uone zinaangukia wapi. Wenye kumbukumbu walikumbusha Mei 2017, ambapo unga ulishushwa kwa ruzuku hadi shilingi 90, nao ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Na hata hiyo mia moja wengi waliisikia redioni tu. Wakifika dukani wanakuta rafu tupu au bei ya zamani.

Hoja ya Ruto ilikuwa kwamba ruzuku iwekwe kwenye mbolea, si kwenye unga: saidia anayelima na anayekula atanufaika. Mimi niliona, na bado naona, kwamba hapo alikuwa sahihi. Lakini fundi alinijibu kwamba mbolea ya leo ni unga wa mwakani, na watoto wake hula kila jioni.

Wagombea wenyewe hawakubishana ana kwa ana. Mdahalo wa urais ulipangwa tarehe 26 Julai katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Raila alikataa kuhudhuria, na Ruto akasimama jukwaani peke yake akijibu maswali ya watangazaji. Kwa hiyo ukitaka kusikia elfu sita na bilioni 50 zikigombana uso kwa uso, ulipaswa kuja vibandani. Hata mgombea George Wajackoyah, aliyetaka tulipe deni la taifa kwa kuuza bangi, sumu ya nyoka na korodani za fisi, alikuwa na wakili wake pale mezani, mpakia mizigo mmoja. Tulimcheka sana. Hata hivyo ni kwa mdomo wake ndipo deni la taifa, lililokuwa limepita trilioni nane, lilitajwa kibandani kama kitu cha kulipwa.

Ruto alishinda kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Tarakimu ninayoirudia mimi ni nyingine: kati ya watu milioni 22 na ushei waliojiandikisha, waliobaki nyumbani walikuwa zaidi ya milioni saba na nusu. Ni wengi kuliko waliompigia mshindi. Mama mwenye kibanda ni mmoja wao. Alisema asingeacha sufuria motoni.

Mbolea ilishuka kweli, gunia la kilo 50 likauzwa shilingi 3,500 kutoka zaidi ya 6,000. Ruzuku ya unga ikaondoka, ya petroli ikafuata. Tarehe 30 Novemba 2022 Hazina ya Hasla ikazinduliwa: mkopo kuanzia shilingi 500, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kurudisha ndani ya siku 14. Kijana wa bodaboda alikuwa wa kwanza kuomba pale kibandani. Aliomba 500, zikaingia 475, maana asilimia tano ilikatwa ikawekwa akiba. Aliuonyesha ujumbe kila meza. Riba yenyewe ilikuwa kama shilingi moja na nusu, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu mkopeshaji. Shida ni kwamba 475 haimalizi hata bei ya tairi la pikipiki. Fundi hakusema kitu, alimlipia chapati.

Mwaka 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ukapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, watu wakafa, mswada ukaondolewa. Na Agosti mwaka huohuo John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama cha Raila, akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya Ruto.

Wiki ile fundi na kijana walikaa benchi moja. Kwa miezi mingi walikuwa wakisalimiana kwa kidevu tu, tangu matokeo yatangazwe. Kijana aliuliza kama sasa elfu sita inakuja, kwa kuwa mwenye nayo ameshika funguo za Hazina. Fundi akamuuliza kama yeye amekwisha kurudisha zile mia tano. Wakacheka, wakanywa, wakaagiza tena.

Ulipofika wakati wa kulipa, kila mmoja alijipapasa mifukoni akimtazama mwenzake. Mama hakungoja. Alikuwa amekwisha kufungua daftari.